Steringi Kafa Mapema: Rajamouli, Vibanda vya Mpanda na Deni la Kalamu Zetu

Ndugu msomaji, hapa Mpanda kila picha yenye nyimbo, sari na mvua ya ghafla huitwa "picha la Kihindi", na mjadala umekwisha. Ukimwambia mtu wa kibanda cha video cha Makanyagio kwamba Baahubali si picha ya lugha ya Kihindi, atakutazama kama abiria aliyesinzia Kaliua akaamkia Kigoma. Lakini ndivyo ilivyo. Baahubali ilitungwa kwa Kitelugu, lugha ya watu wa Andhra Pradesh na Telangana kusini mwa India, ikapigwa sambamba na Kitamil. Kihindi kilikuja baadaye, kwa kutiwa sauti, kama vile Kiswahili chetu kinavyokuja baadaye kwa mdomo wa mtafsiri.

Tofauti hii inatuhusu sisi tunaoshika kalamu. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 81 ambao Kitelugu ni lugha yao ya kwanza. Kiswahili, kwa makadirio yanayotumiwa na UNESCO, kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Basi lugha yenye watu wachache kuliko yetu imemtoa mtu ambaye picha zake zinaangaliwa Tokyo, Los Angeles na Mpanda. Mtu huyo ni S. S. Rajamouli.

Katika makala haya namchambua kama tunavyochambua riwaya: fani, maudhui, mazuri yake na ya kukataa. Sababu ni moja. Vijana wengi wanaoandika hadithi mjini hapa wamejifunza kutunga kibandani kabla ya kujifunza kwenye kitabu. Riwaya moja huzunguka mikono kumi hadi jalada linatoka. Picha mpya inafika kwenye flashi kabla wiki haijaisha. Walimu wetu wasipende, lakini hiyo ndiyo hali. Kama kibanda ndiyo shule, basi hebu tumjue mwalimu, tujue anafundisha nini, na wapi anatufundisha vibaya.

Safari ya fundi

Rajamouli alizaliwa Oktoba 1973. Baba yake, V. Vijayendra Prasad, ni mwandishi wa hadithi za sinema, na jambo hilo tutalirudia. Kijana alianzia chini, kwenye kazi za uhariri na usaidizi, kisha akaongoza tamthilia ya televisheni chini ya mkongwe K. Raghavendra Rao. Picha yake ya kwanza, Student No. 1, ilitoka 2001. Steringi wake alikuwa N. T. Rama Rao Jr., mjukuu wa yule N. T. Rama Rao wa zamani aliyetoka kwenye sinema akawa Waziri Kiongozi wa Andhra Pradesh mwaka 1983. Kwa Watelugu, sinema si mchezo wa jioni tu. Imewahi kuweka mtu ikulu.

Tangu 2001 hadi 2022 Rajamouli aliongoza picha 12. Simhadri (2003), Sye (2004), Chatrapathi (2005), Vikramarkudu (2006), Yamadonga (2007), Magadheera (2009), Maryada Ramanna (2010), Eega (2012), Baahubali mbili (2015 na 2017), kisha RRR (2022). Huenda wewe uliiona Rowdy Rathore ya 2012 ukadhani ni mali ya Mumbai. Msuko wake ulichukuliwa kutoka Vikramarkudu. Baahubali ya pili ilikuwa picha ya kwanza ya India kuvuka mapato ya rupia bilioni 10. Na Machi 2023 wimbo wa "Naatu Naatu" wa RRR, uliotungwa na M. M. Keeravani na kuandikwa maneno na Chandrabose, ulipata tuzo ya Oscar ukiwa umeimbwa kwa Kitelugu kitupu.

Tusidhani kwamba aliota kama uyoga. Kabla yake K. V. Reddy aliongoza Mayabazar mwaka 1957, akachukua kisa kutoka simulizi za Mahabharata na kukifanya kichekesho cha nyumbani. Mwaka 1980 K. Viswanath alitoa Sankarabharanam, juu ya mwimbaji mzee wa muziki wa asili ambaye dunia imempita. Mmoja alionyesha kwamba ngano za bibi zinaweza kujaza ukumbi; mwingine kwamba heshima ya sanaa yenyewe inaweza kuwa kisa. Rajamouli alikuta shamba limelimwa. Alichofanya ni kupanda kwa wingi kuliko wote.

Fani: sheria moja, halafu usiivunje

Wengi tunachokiiga kutoka kwake ni ukubwa. Tunaandika hadithi ya kurasa nane yenye vita tatu, pacha waliopotezana, na tajiri mwenye kicheko kirefu. Tunaacha ufundi, tunachukua kelele. Ufundi wenyewe unaonekana vizuri zaidi kwenye picha zake ndogo, ambazo vibandani hazina mashabiki wengi kama Baahubali.

Chukua Maryada Ramanna. Msuko wake unafuata Our Hospitality, picha bubu ya Buster Keaton ya mwaka 1923. Kijana mnyonge anaingia bila kujua katika nyumba ya watu wenye kisasi na ukoo wake. Wanataka kumuua, lakini mila inakataza kumwaga damu ya mgeni ndani ya nyumba. Akivuka kizingiti tu, amekwisha. Basi. Hiyo ndiyo sheria, na picha nzima inaendeshwa nayo. Kila kisingizio cha kutotoka nje kinakuwa kichekesho na hatari kwa pamoja. Steringi wenyewe, Sunil, ni mchekeshaji, si mtu wa misuli. Hakuna jeshi wala jumba la kifalme. Kuna kizingiti cha mlango, na mtazamaji anatoka jasho.

Sisi tunaotoka kwenye jamii ambazo mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari, tulihitaji Mtelugu aje kutuonyesha kwamba humo kwenye adabu yetu mna taharuki? Ndiyo maana nasema tunaiga kitu kisicho.

Halafu kuna Eega, na Eega maana yake ni nzi. Kijana anaitwa Nani, jina ambalo kwa Mswahili ni swali, anampenda jirani yake Bindu. Tajiri mmoja, Sudeep, anamtamani Bindu naye. Anamuua Nani. Steringi kafa, na picha bado mbichi! Kwenye kibanda kuna kanuni ya tangu enzi za kaseti: steringi hafi. Rajamouli anamuua mapema, kisha anamrudisha akiwa nzi, na nzi huyo analipiza kisasi.

Ukilisimulia hivyo ni upuuzi. Kwa nini basi linaaminika? Kwanza, kisa kinaletwa kama hadithi ambayo baba anamsimulia mtoto kabla ya kulala. Mtunzi anatega masikio yetu yawe ya mtoto, kama bibi anapotamka "hadithi, hadithi" nasi tukaitika. Tukishaitika, tumekubali mkataba. Pili, na hili ndilo kubwa, nzi anabaki nzi. Hasemi. Hana nguvu. Dawa ya kupuliza inaweza kummaliza. Silaha yake ni zile anazo nzi yeyote: kumnyima mtu usingizi, kumtia wazimu, kutua puani wakati mtu anaendesha gari. Bindu naye ni fundi wa vitu vidogo vidogo vya sanaa, jambo tulilolijua tangu mwanzo, hivyo anapomtengenezea nzi vifaa vyake hatushangai. Mtunzi aliweka mshale ukutani mapema, sisi tukadhani ni pambo.

Hapo pana somo kwa kila mwandishi chipukizi. Jambo la ajabu halihitaji maelezo, linahitaji mipaka. Ukitaka mhusika wako awe mzimu, mpe mzimu wako jambo asiloweza kulifanya. Hadithi nyingi za mazingaombwe tunazoandika zinaanguka kwa sababu mganga wetu anaweza yote. Anayeweza yote hana taharuki.

Kuhusu taharuki, Baahubali ya kwanza ilimalizika Julai 2015 kwa Kattappa, mtumwa wa kifalme, kukiri kwamba yeye ndiye aliyemuua Baahubali. Kwa nini? Watu walikaa na swali hilo hadi Aprili 2017. Kuwafunga watu kwa swali ni rahisi. Hata tamthilia za redio zinafanya. Ugumu ni kuwa na jibu. Jibu lilikuwa limeshapandwa katika sehemu ya kwanza: Kattappa amefungwa na kiapo cha mababu zake kukitii kiti cha enzi. Anayempenda Baahubali kuliko wote ndiye asiyeweza kukataa amri ya kumuua. Swali la "kwa nini" likageuka kuwa swali la utumwa. Hiyo ni tanzia kamili, na angekuwa mwandishi wa tamthiliya tungeisoma darasani.

Na tuseme wazi: anayepanda mbegu hizo ni mwandishi. Hadithi ya Baahubali ni ya Vijayendra Prasad, baba mtu. Magadheera vilevile, RRR vilevile. Mzee huyo huyo ndiye aliyeandika kisa cha Bajrangi Bhaijaan ya 2015. Nyuma ya kila mwongozaji anayesifiwa kwa farasi na maporomoko ya maji, tafuta mtu aliyekaa na karatasi. Kwenye Bongo Movie, tangu Girlfriend ya 2003 ilipoonyesha kwamba picha yetu inaweza kuuzika, malalamiko yamekuwa yale yale: hadithi dhaifu, mazungumzo marefu yasiyo na kazi. Tusiwalaumu waigizaji peke yao. Sisi waandishi tulikuwa wapi?

Sauti ya tatu kibandani

Mpanda hatumwoni Rajamouli peke yake. Tunamwona akiwa na mtu wa tatu katikati: mtafsiri. Kenya DJ Afro amejenga jina kwa kazi hiyo, Uganda yupo VJ Jingo, na kwetu enzi za mikanda jina la Lufufu lilivuma. Mtafsiri huyu hatafsiri tu. Anafupisha, anaongeza methali, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamsuta adui, anamtania steringi. Mfalme anatoa hotuba ya dakika mbili, yeye anaimaliza kwa maneno sita na kicheko.

Wasomi wanaweza kuliita jambo hili uharibifu. Mimi naliita fasihi simulizi yenye umeme. Mtambaji wa zamani naye hakuwa mtumwa wa maneno. Alikuwa na kisa, hadhira na usiku. Lakini tusijidanganye kwa upande mwingine. Mikanda mingi ya namna hii husambazwa bila ruhusa ya mwenye kazi, na nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Mwandishi anayelia kwamba kitabu chake kimetolewa fotokopi na kuuzwa stendi hawezi kushangilia flashi ya wizi. Na kuna hasara nyingine ya kifasihi: mtafsiri akishafafanua kila kitu, mtazamaji haachiwi kimya. Rajamouli anapenda kunyamaza kabla ya pigo. Mtafsiri anaogopa kimya kama mwenye duka anavyoogopa giza. Hivyo tunayemwona kibandani ni Rajamouli wa ngumi, si Rajamouli wa subira, na ndiyo sababu nyingine tunamwiga vibaya.

Maudhui: nani mnyama, nani mwanafunzi?

Sasa tufike penye mwiba. Katika Baahubali ya kwanza kuna mwanamke mpiganaji, Avanthika. Anakula kiapo, anabeba upanga, ana kazi yake. Shujaa anamfuata, anamchora mkononi bila yeye kujua, kisha anapambana naye huku akimvua na kumpamba hadi mpiganaji anageuka bibi harusi. Picha inataka tulione tukio hilo kama mapenzi. Kibandani watu hupiga mluzi. Dada zetu wanaokaa benchi la nyuma hawapigi. Mtunzi aliyembuni Sivagami, mama anayeinua kitoto juu ya maji kwa mkono mmoja huku yeye akizama, hakushindwa kumheshimu Avanthika. Alichagua. Na chaguo hilo halifutwi na uzuri wa picha.

Kuna la pili, ambalo linatugusa ngozi. Vita kubwa ya Baahubali ya kwanza ni dhidi ya Kalakeya, kabila la washenzi wanaokuja kuteka na kubaka. Wamepakwa weusi. Wanazungumza lugha iliyobuniwa na Madhan Karky mahsusi kwa picha hiyo, na lugha hiyo imejaa midoko, zile sauti za kugonga ulimi. Kiongozi wao anaitwa Inkoshi. Anayejua Kizulu atasikia humo neno inkosi, yaani chifu. Sasa jiulize, ndugu msomaji. Lugha zenye midoko zipo hapa hapa Tanzania. Wasandawe wa Dodoma wanazungumza hivyo, Wahadza wa Ziwa Eyasi wanazungumza hivyo, na kwa lugha hizo wanabembelezea watoto. Kwenye picha, midoko ni mlio wa mnyama. Nasi tumekaa kibandani, weusi kuliko rangi waliyopakwa wale waigizaji, tunashangilia wanapokatwa.

Sisemi tuzime deki. Nasema tujue tunashangilia nini. Mtunzi mkubwa akiwa mvivu mahali pamoja, anachukua mzigo wa zamani wa dunia na kuuweka begani mwa mtu asiyekuwepo kujitetea. Mtu huyo safari hii tulikuwa sisi.

RRR ina utata wa aina nyingine, na ndiyo picha yenye mafunzo zaidi kwetu. Rajamouli aliwachukua watu wawili wa kweli. Alluri Sitarama Raju aliongoza uasi dhidi ya Waingereza na akauawa 1924. Komaram Bheem, wa watu wa Gondi, kabila la msituni, alipigana na utawala wa Nizam wa Hyderabad na akauawa 1940. Historia haina habari kwamba waliwahi kuwa marafiki. Picha inawakutanisha Delhi miaka ya 1920, inawafanya wapendane, wasalitiane na waokoane. Chanzo cha yote ni mtoto wa kike wa Kigondi anayechukuliwa na mke wa gavana kwa kuwa anaimba vizuri, mama yake akitupiwa sarafu kana kwamba ameuza kuku.

Je, mtunzi ana haki ya kuibadili historia namna hiyo? Swali hili si geni kwetu. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969, alimchukua Kinjeketile Ngwale wa vita vya Majimaji, akaweka bayana kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si nakala ya mtu wa historia. Tofauti ni kile ambacho kila mmoja alikifanya kwa uhuru huo. Hussein aliutumia kumwongezea shujaa mashaka. Kinjeketile wake anajua kwamba maji yamekuwa na nguvu asiyoitawala, na anakabili swali gumu: akiyakana, nini kitabaki mikononi mwa watakaokuja? Rajamouli aliutumia kuwaondolea mashujaa mashaka. Bheem na Raju wanakua hadi wanafanana na miungu ya kwenye kalenda. Mtu anatoka kwa Hussein akiwa na maswali, anatoka kwa Rajamouli akiwa na ari. Vyote vina kazi yake, lakini tusivichanganye.

Halafu tazama mwisho wa RRR. Raju anamuuliza Bheem anataka nini. Bheem, mtu wa msitu, aliyepigwa mijeledi akiimba, anaomba afundishwe kusoma na kuandika. Raju anamwandikia. Ni tukio tamu, na kutoa elimu ni jambo jema. Lakini kwa nini daima mtu wa msituni ndiye mwanafunzi? Bheem ndani ya picha hiyo hiyo anajua dawa ya sumu ya nyoka, anajua wanyama, anajua kuishi mjini kwa jina la uongo bila kukamatwa. Elimu yake haihesabiwi kuwa elimu. Kalamu imeshikwa na mwingine.

Kenya 2025, na Katavi ya kupigia picha

Kama ulidhani haya ni mambo ya mbali, soma hili. Septemba 2025 Rajamouli alikuwa Kenya akipiga sehemu ya picha yake mpya, ambayo Novemba mwaka huo ilitangazwa Hyderabad kwa jina la Varanasi, akiigiza Mahesh Babu pamoja na Priyanka Chopra, na ikaelezwa kwamba itatoka 2027. Alikutana na Musalia Mudavadi, Mkuu wa Mawaziri wa Kenya, ambaye alieleza kuwa kikosi cha watu 120 kilizunguka Afrika Mashariki kikitafuta mahali kabla ya kuichagua Kenya: Maasai Mara, Naivasha, Samburu, Amboseli.

Vijiweni kwetu habari hiyo ingeleta wivu. Mbona wasije huku? Hifadhi ya Katavi ipo tangu 1974, ina kilomita za mraba 4,471, ina nyati wa kufunika uwanda na viboko wanaobanana kwenye matope ya mto Katuma wakati wa kiangazi. Kweli, wangekuja wangepata picha nzuri. Na fedha za hoteli na magari si za kudharau.

Lakini wivu wa mwandishi uwe wa namna nyingine. Mgeni akija na kamera atachukua viboko. Hatachukua Katabi. Mzee yeyote wa Kibende anaweza kukueleza habari za Katabi, mwindaji wa kale ambaye hifadhi na ziwa vimebeba jina lake, na ambaye roho yake inaaminika kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, mahali ambapo watu wamekuwa wakipeleka sadaka. Mtelugu alichukua nzi akatengeneza tanzia. Sisi tuna mwindaji ndani ya mti, na tunaandika juu ya pacha waliopotezana Mumbai.

Chatrapathi ya 2005 inamhusu kijana aliyefukuzwa na wenzake kutoka pwani ya Sri Lanka, akatenganishwa na mama yake, akakulia bandarini Visakhapatnam chini ya wababe wanaowanyonya wakimbizi. Sasa hesabu kilomita kutoka hapa ulipo hadi Katumba. Hesabu hadi Mishamo. Watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 walifyeka pori hilo, wakalima, wakazaa, wakazika. Wengi wao na watoto wao, zaidi ya 162,000 kwa makazi yote pamoja na Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania. Fikiria mama aliyeishi miaka arobaini kwa jina la mkimbizi, asubuhi moja anapewa karatasi inayomwita raia. Analala usiku huo akiwaza nini? Anaongea na nani, kwa lugha gani? Hiyo ni riwaya, na bado inamngoja mtu wake. Rajamouli hawezi kukuandikia. Anaweza tu kukuonyesha kwamba mtoto aliyepotezana na mama yake ni msingi imara wa hadithi, ukiwa na subira.

Na reli hii tunayoipanda kila siku. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na mji ukakua ukingoni mwa reli iliyopoteza sababu yake. Mkoa wenyewe wa Katavi ulizaliwa 2012 tu, ukitoka ubavuni mwa Rukwa. Mji ulioletwa na risasi na kuachwa na risasi: mtunzi gani anahitaji kibanda ili apate kisa?

Tuchukue nini, tukatae nini

Urithi wa Rajamouli kwa kijana wa Mpanda si bajeti. Kama ni bajeti, tufunge madaftari tukalime tumbaku. Urithi wake ni mambo matatu. Kwanza, alikaa ndani ya lugha yake hadi dunia ikamfuata humo. Pili, aliamini kwamba ngano za nyumbani zinabeba watu wazima. Tatu, anaitii sheria ya kisa chake, hata ikimlazimu kumuua steringi mapema.

La kukataa pia lipo: shujaa asiyekosea, mwanamke anayetulizwa kwa nguvu, adui anayetambulikana kwa rangi na ulimi, na mtu wa porini anayengoja kupewa herufi. Tukiyaiga hayo tutakuwa Kalakeya wanaojiandikia wenyewe.

Kwamba inawezekana, tunayo mifano. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa 1999. Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya picha kwa Kiswahili, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, ikapendekezwa na Tanzania kwa ajili ya Oscar. Ilianza kama kitabu. Mtu mmoja alikaa na karatasi kwanza.

Basi, washikaji, kibandani twendeni. Lakini nenda na daftari. Mtafsiri akicheka, wewe andika: mshale huu uliwekwa ukutani lini? Ukitoka nje, usiku umeingia, vumbi la Makanyagio limetulia, mbele yako wamekaa kina mama wauza mihogo, na kila mmoja ana kizingiti ambacho hawezi kukivuka. Anzia hapo. Mwandikie mmoja wao sheria moja, usiivunje. Wasomaji tupo, tunasubiri.